Siku Koko Alipomwita Naibor kwa Kipaza Sauti

Niseme ukweli mapema ili tusisumbuane: mpaka leo nikisikia kipaza sauti kikipiga ule mluzi wake wa kuanza, fiiiii, masikio yananiwaka moto na ninatafuta mgongo wa mtu wa kujificha. Na kwa kuwa shuleni kwetu Karatu kipaza sauti kinawashwa kila Jumatatu mstarini, basi kila Jumatatu ninaaibika upya, na rafiki yangu Salma (alikuwepo siku ile, kwa bahati yangu mbaya, na mdomo wake hauna mlango) ananigeukia taratibu na kuninong'oneza, "Naibor moja," na wasichana wa mstari wetu wote wanainama kana kwamba wanafunga kamba za viatu. Nimeamua kuandika mwenyewe, kwa sababu Salma akisimulia kila mara ng'ombe wanaongezeka, na juzi nimesikia eti kulikuwa na simba. Hakukuwa na simba. Mengine yote ni kweli.

Naitwa Nasieku, niko kidato cha tatu, na mimi ni mtu wa aibu. Sio aibu ya kujifanya, hapana, ile yenyewe: mwalimu akiuliza swali na mimi nikalijua jibu, namnong'oneza jirani yangu, yeye ananyoosha kidole, yeye anapigiwa makofi, na mimi nafurahi kabisa. Kwetu ni Kakesio, na likizo zote nakaa kwa Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, mwanamke mrefu aliyenyooka kama fimbo ya kuchungia, anayevaa kitochi chake shingoni kwa mkufu wa shanga, katikati ya shanga nyingine, utadhani simu ilikuwepo tangu enzi za mababu.

Sasa mambo yalianzia likizo moja kabla ya siku ile. Ilitangazwa kwamba kibali cha kusafirisha mifugo kinaombwa kwa mtandao, na kila mwenye ng'ombe awe na akaunti yake, kwa namba ya kitambulisho chake cha taifa na namba yake ya simu. Wazee wakatazamana. Halafu wote wakanitazama mimi, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba Nasieku anasoma kompyuta shuleni (ni kweli tunasoma kompyuta, ila tunaikalia watatu watatu, na mimi nikiwa mimi, nakaa pembeni naangalia wenzangu wakibonyeza). Lakini Koko alikuwa ameshasema kwa majirani, "Mjukuu wangu anajua," na Koko akishasema jambo limekwisha. Wakaja, mmoja baada ya mwingine, na mimi kwa simu ya baba mdogo nikawafungulia akaunti.

Tulipofika kwenye nywila, lile neno la siri la kufungulia akaunti, wakanikodolea macho kama vile nimewauliza majina ya malaika. Nikasema, kwa sauti ya kitaalamu ambayo sijui niliitoa wapi, "Chagueni kitu ambacho hamtakisahau maisha yenu yote."

Jamani. Mwambie mtu wa Kakesio achague kitu ambacho hatakisahau maisha yake yote, atachagua nini? Kitabu? Siku ya kuzaliwa, ambayo nusu yao waliikisia tu wakati wa kuandikishwa? Walichagua ng'ombe. Wote. Kila mtu ng'ombe wake anayempenda. Mfumo ukakataa, ukasema unataka na tarakimu, nikawaambia malizieni na moja. Koko akaweka Naibor1, kwa sababu Naibor ndiye ng'ombe wake wa moyoni, mweupe kama jina lake linavyosema, mwenye maziwa na mwenye maringo. Mzee jirani akaweka Narok1, yule mweusi wake. Bibi wa boma la juu akaweka Sampu1. Na mimi nikajipongeza! Sikufikiri hata kidogo kwamba kila jioni, wakati wa kukamua, mama anasimama zizini anamwita ng'ombe wake kwa jina, kwa sauti ya kuvuka korongo, ili aje atoe maziwa kwa hiari. Yaani nywila za kitongoji kizima zilikuwa zinatangazwa kila machweo na wenyewe waliokuwa wanazificha.

Basi. Likizo iliyofuata Mama alikuwa kwao Endamarariek (Mama ni Mwiraqw, mimi ni nusu huku nusu kule), alikuwa amekwenda kujifungulia karibu na hospitali, na akajifungua mapacha. Habari zilipofika Koko alicheka, akatema mate ya baraka, halafu uso ukawa wa kazi.

"Watoto wawili kwa matiti ya mama mmoja," alisema. "Naibor aende."

Baba mdogo, Lemayian, akakohoa. "Naibor mwenyewe, mama? Si tupeleke yule mwekundu?"

"Yule mwekundu nampa mtu niliyegombana naye. Mkwe wangu anywe maziwa ya Naibor, apate ya kuwanyonyesha. Nimesema."

Na lori la kumpeleka lilikuwa moja tu, la Mzee Hamisi, baba yake Salma, mfanyabiashara wa Karatu anayekuja siku ya mnada asubuhi na kuondoka alasiri, na akishaondoka humuoni mpaka mnada wa mwezi unaofuata. Kumswaga Naibor kwa miguu na ndama wake kupita kule porini hakuna aliyelifikiria hata kwa mzaha. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au mwezi mzima Mama ashindie uji wa maji. Na bwana mifugo anasimama pale kwenye ngazi ya kupakilia na simu yake, na kama kibali chako hakionekani, ng'ombe wako hapandi, hata uwe nani.

Siku ya mnada tukaenda mapema, Koko kavaa nguo zake mpya za bluu, Naibor kaoshwa, ndama anarukaruka. Tukakuta kuna mgeni. Gari limeegeshwa chini ya turubai, spika juu ya gari, na bango refu la kitambaa limefungwa kati ya nguzo mbili: UTAMBULISHO WAKO NI MALI YAKO, ULINDE. Mtaalamu alikuwa mama mmoja mpole kutoka ofisi fulani ya mjini, anaitwa Madam Rehema, amekuja kufundisha watu jinsi ya kujilinda wanapoomba huduma za serikali kwa mtandao. Alikuwa ameshanyweshwa chai, ameshasalimiana na kila mtu kwa mikono miwili. Kilichokosekana ni mkalimani, maana waliokaa chini ya turubai walikuwa wazee na kina mama ambao Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi, na vijana wote walikuwa kule zizini na ng'ombe.

"Yupo," Koko akasema, na akanisukuma mgongoni.

Nikamtazama baba mdogo anisaidie. Akasema, "Nenda bwana, ni maneno tu, si simba," akaondoka kwenda kumfunga Naibor kando ya lori. (Labda ndipo Salma alipomtoa simba wake.)

Nikapewa maiki. Fiiiii.

Niwaambie, mwanzoni nilienda vizuri. Madam Rehema anaongea, mimi natafsiri kwa Kimaa huku natazama vidole vyangu vya miguu. Alisema, "Ukienda ofisini, afisa anakuona uso, anajua ni wewe. Ukiomba kwa simu hakuoni. Kinachokutambulisha ni namba ya kitambulisho chako, simu yako na nywila yako. Mtu akivipata hivyo, yeye ndiye wewe. Anaweza kuwahamisha ng'ombe wako na wewe umekaa unapiga mswaki." Nilipotafsiri hilo la ng'ombe, turubai zima lilikaa sawa. Hata mzee aliyekuwa anasinzia aliuliza, "Wangapi?"

Halafu Madam akasema, "Kwa hiyo nywila isiwe kitu ambacho jirani yako anakijua. Isiwe jina la mtoto, isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe jina la ng'ombe."

Nikatafsiri jina la mtoto. Nikatafsiri mwaka wa kuzaliwa. Ng'ombe nikamruka.

"Na nywila yako usimwambie mtu yeyote," Madam akaendelea, anahesabu kwa vidole. "Si mume, si mjukuu, si hata yule aliyekusaidia kufungua akaunti. Mtu yeyote!"

Hapo sasa. Hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Niliwatazama wale wazee, nikajua kwamba nikilitafsiri hilo kama lilivyo, wote watageuza shingo kwa pamoja kunitazama mimi, mimi ambaye nywila zao zote ninazo kichwani, na nikaona nitakufa palepale. Nikasema kwa Kimaa, haraka haraka, "Anasema usimwambie mtu usiyemfahamu."

Ni maneno machache tu jamani. Na yanakaribiana.

"Sasa tufanye kwa vitendo," Madam akasema kwa furaha. "Nani ana jambo la kuomba leo? Aje nimuelekeze."

Koko akasimama. Nani mwingine! "Mimi. Nina ng'ombe wa safari."

Watu wakampisha, akaja mbele na shanga zake zinalia cha-cha-cha, Madam akamshika mkono, akachukua maiki kwangu akamkaribishia mdomoni. "Karibu mama. Jitambulishe."

Nikatafsiri. "Anasema ujitambulishe."

Fuateni akili ya Koko hapo, maana alikuwa amesikiliza kuliko wote. Ameambiwa kinachokutambulisha ni nywila. Ameambiwa usimtajie mtu usiyemfahamu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, taratibu, uso kwa uso: huyu shemeji, huyu jirani, huyu amezaliwa mikononi mwangu, na huyu mgeni tumekunywa naye chai. Hakukuwa na mtu asiyemfahamu. Akavuta pumzi.

"Mimi ni Koko wa Nasieku," alisema, na spika ikaipeleka mpaka kwa wauza viatu vya matairi, "na nywila yangu ni Naibor moja!"

"Eeeeh!" wazee wakaitikia.

Madam Rehema, ambaye Kimaa hakijui, akapiga makofi. "Anasemaje?"

Na mimi nikasema, "Anashukuru."

Sijui kwa nini. Ulimi wangu ulisema peke yake.

"Ooh! Waambie na wengine wakaribie, wasiogope!"

Nikawaambia. Nifanyeje? Mzee jirani akaja, akajifunga lubega yake vizuri, akashika maiki kama mtu anayeshika shingo ya mbuzi. "Mimi wa boma la mwamba mweusi. Narok moja." Makofi. Akaja bibi wa boma la juu, akanyanyua kidevu: "Sampu moja!" Makofi na vigelegele. Ikawa kama watu wanatoa ushuhuda kanisani. Foleni ikajipanga yenyewe, na Madam anatabasamu, anamwambia dereva wake, "Unaona? Watu wa huku wana shukrani sana," na mimi nimesimama pale natamani ardhi ifanye upesi.

Koko alipoona wenzake wananogesha, akaona na yeye yake ilikuwa fupi. Akaichukua maiki tena, na safari hii hakusema, aliita. Aliita vile anavyoita jioni zizini, ule wito mrefu unaoanzia tumboni: "Naibooooor! Naibor eeeee!"

Kule kwenye lori tukasikia: "Mmmmbooooo."

Halafu kamba, pwa!

Ng'ombe mwenye ndama akiitwa na mkamuaji wake kwa sauti kubwa mara kumi ya kawaida, hatembei. Naibor alikuja mbio, ndama nyuma yake, baba mdogo nyuma ya ndama na kipande cha kamba mkononi, akapita katikati ya wauza shuka, akaingia chini ya turubai watu wakipisha huku na huku, na kwa kuwa Koko alikuwa amesimama upande wa pili wa bango, Naibor hakulizunguka bango, alipita nalo. Akafika mbele ya Koko amesimama kwa heshima zote, anahema, na pembeni mwa pembe zake limening'inia lile bango, limejikunja, limebaki na maneno MALI YAKO, ULINDE.

Salma, aliyekuja na baba yake, alikuwa amekaa kwenye boneti ya gari. Alianguka. Kwa kucheka, sio kwa kusukumwa.

"Nasieku!" baba mdogo akaniita kwa Kiswahili, amepauka kwa vumbi. "Hivi kwa nini wazee wanataja nywila zao kwenye spika? Mnada wote unasikia!"

Tabasamu la Madam likabaki usoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. "Wanataja nini?"

Nikamvuta baba mdogo nyuma ya gari. Nikiogopa huwa nachanganya lugha zote, kwa hiyo nilisema kila kitu kwa Kimaa na kwa Kiswahili, nusu nusu: kwamba Madam alisema usimwambie mtu yeyote na mimi nikasema usimwambie usiyemfahamu, kwamba ni mimi niliyewafundisha kuweka kitu wasichokisahau, kwamba shuleni kompyuta hata siibonyezi, nakaa pembeni, kwamba niliona aibu, baba mdogo, niliona aibu tu.

Akanitazama kwa huruma kubwa sana. "Nasieku."

"Naam."

"Umeshika maiki."

Nilikuwa nimeshika maiki. Koko alikuwa amenirudishia Naibor alipofika mbele yake, ili apate mikono ya kumvua bango. Na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka.

Mnada mzima ulikuwa umegeukia kule tuliko, hata mbuzi. Halafu yule mzee wa kusinzia akasema kwa sauti kavu, "Kumbe anaongea vizuri, huyu mtoto. Ana sauti nzuri." Na hapo watu wakapasuka, na kicheko kikaenda mpaka kule kwa wauza viatu kikarudi tena.

Nilitamani kukimbilia nyumbani. Ningekimbia, nakuapia, ila Mzee Hamisi alipiga honi, ile ndefu ya kusema jua halinisubiri, na nikamuona Koko ameacha kucheka. Anamtazama Naibor, anatazama lori, na bwana mifugo kule kwenye ngazi anatikisa kichwa: kibali bado.

Madam Rehema alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, amejifunika uso kwa mtandio. Nikaenda kumuomba radhi, nikijua analia. Alikuwa anacheka mpaka kope zimelowa. Lakini aliponyanyua kichwa alikuwa mtaalamu tena. "Sikiliza, mwanangu. Hapa kuna wanunuzi wametoka kila kona, na wamesikia. Nywila zote zilizotajwa zinabadilishwa leo, kabla mtu hajaondoka. Tunaanza na bibi yako, aombe na kibali chake hapohapo, maana ndiye mwenye haraka. Lakini atabadilisha mwenyewe. Sio wewe, sio mimi. Herufi anazijua?"

"Alisoma kisomo cha watu wazima," nikasema. "Anaandika polepole."

"Polepole ni sawa."

Sasa kwetu mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, juu ya kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya zizi la mnada. Tunakiita Kichuguu cha Salamu, maana ukitaka kumsalimia mtu wa mbali ndipo unapopanda. Koko akapanda, na kishikwambi cha Madam mkononi na kitochi chake shingoni, kwa sababu mfumo ulikuwa unamtumia tarakimu za uhakiki kwenye laini yake. Na kwa kuwa kwetu mtu haachwi afanye jambo peke yake (hata kutoa mwiba wanakuja watu wanne, mmoja wa kutoa na watatu wa kutoa ushauri), mnada mzima ukahamia pale chini ya kichuguu, shingo juu, kila mtu anataka kusaidia.

"Wasogee, tafadhali," Madam akasema. "Wageuke."

Wazee waliosikia neno hilo la Kiswahili wakakunja uso. Kumgeuzia mgongo mama mzima aliyesimama mbele yako? Anatutukana huyu mgeni? Minong'ono ikaanza. Honi ikalia tena. Madam akanitazama, Koko kule juu akanitazama, baba mdogo akanipa maiki.

Niliishika. Fiiiii. Masikio yakawaka. Na nikafikiri, Nasieku, umeshaaibika mpaka mwisho wa aibu, huko mbele hakuna kitu kingine, kwa hiyo sema tu.

Nikasema kwa Kimaa, polepole, "Nilichotafsiri mwanzo sicho alichosema. Alisema usimwambie mtu yeyote. Hata mimi. Mimi hasa." Nikaendelea, "Nywila ni kama mama mkwe. Unajua yupo, unamheshimu, lakini jina lake hulitaji. Na ukimkuta njiani humkodolei macho. Unampisha."

Halafu wanaume wote, kuanzia wazee mpaka vijana waliotoka zizini, wakasema "Aaaaah!" kwa pamoja, kama watu walioonyeshwa mlango uliokuwepo siku zote.

Na wakageuka.

Wangekuwepo watalii wangepiga picha mpaka simu zao zizime: mnada mzima, wanunuzi, wauza shuka, kina mama na watoto mgongoni, bwana mifugo, dereva wa Madam, wote wamegeukia upande wa milimani, vijana wengine wamejifunika kabisa nyuso kwa shuka kama kweli mama mkwe anapita, na juu ya kichuguu Koko peke yake, na kidole chake kimoja, anatafuta herufi. Madam naye aligeuka. Mimi pia niligeuka. Aliyebaki anamtazama ni Naibor tu, anacheua.

Alichukua muda wake. Honi ikalia, na Salma akamkemea baba yake, "Baba, mama mkwe anapita!" Honi ikanyamaza.

Kitochi kikalia, tii-tii. Tukasubiri. Kikalia tena. Halafu kule kwa bwana mifugo nikasikia simu yake nayo inalia, na akasema kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kuona kibali kinafika kwa wakati, "Kimeingia. Ng'ombe jike mmoja na ndama. Apande."

Naibor akakataa kupanda. Walimsukuma, walimvuta, baba mdogo akamsemesha kwa upole na kwa ukali, wapi. Koko akashuka kichuguuni, akapanda yeye kwanza ngazi ya lori na nguo zake mpya, akageuka, na akamwita kwa sauti ndogo, ile ya karibu, ya sikioni: "Naibor." Akapanda. Nilisimama pale nikafikiri kwamba lile jina sasa limerudi kuwa la ng'ombe tu, na kwamba linapendeza zaidi hivyo.

Madam alibaki pale mpaka jua likaanza kuegemea, na wazee wakapanda kichuguu mmoja mmoja, na kila akipanda mtu tunageuka, akishuka tunarudi, tunageuka, tunarudi, mpaka ikawa kama ngoma. Kesho yake, tukiwa juu ya kichuguu, Mama alimpigia Koko, alikuwa amekunywa kibuyu kizima, na nyuma yake nilisikia mapacha wanalia wote wawili kwa wakati mmoja, sauti za watu walioshiba na bado wanadai.

Kwa hiyo funzo langu ni hili, na naliandika kwa herufi ninazoweza kuzisoma hata nikiwa na aibu: ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, yafikishe yote, usiyapunguze hata moja kwa kujiokoa, maana lile utakaloliacha ndilo litakalokuja mbio limevaa bango. Na maiki, kabla hujamwaga siri zako, itazame taa yake. Na darasa la kompyuta tulipofungua shule nilikaa katikati, sio pembeni, nikabonyeza (nikabonyeza vibaya, mashine ikazima, lakini nilibonyeza).

Jioni ile ile ya mnada, nikiwa namshikia Koko kibuyu wakati anamkamua yule mwekundu, nilishindwa kujizuia. "Koko," nikasema, "kule juu uliandika nini?"

Hakunyanyua kichwa. Maziwa yakaendelea, chwi, chwi.

"Yule mama alisema nisimwambie nani?"

"Mtu yeyote."

"Kwani wewe," akauliza Koko, "ni nani? Si mtu?"